SOMO LA TISA: KOVU LA NDUI

Ndugu msomaji, kunja mikono ya nguo yako. Tazama mkono wako kuanzia begani mpaka chini ya kiwiko. Kisha mtazame na jirani yako hapo darasani. Huenda mkapata makovu ya aina mbili.

Kovu la kwanza ni dogo na la mviringo. Hilo ni la chanjo ya kifua kikuu, ambayo mtoto huchomwa mara baada ya kuzaliwa. Watu wengi wanalo, wakubwa kwa vijana. Kovu la pili huwa kubwa zaidi. Limebonyea kidogo, na ngozi yake ina vishimo au mikunjo. Hilo ni kovu la chanjo ya ndui. Kama wewe ni kijana, hunalo. Mimi ninayeandika somo hili nina miaka thelathini na kitu, nami sinalo. Lakini bibi yako huenda analo, na pengine mama yako pia.

Somo letu ni juu ya kovu hilo la pili. Chanjo yenyewe ilitolewa zaidi ya miaka 40 iliyopita. Dawa ile ilikwisha mwilini zamani sana. Je, kuna kitu kilichobaki? Wataalamu wamelichunguza swali hilo kwa miaka mingi. Majibu yao yanatuhusu sisi tunaokaa kando ya njia kuu.

NDUI KATIKA NJIA YA MISAFARA

Tabora ilikua kwa sababu ya njia. Njia hiyo ilianza Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe. Kutoka hapo iliendelea Uvinza mpaka Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba pembe za ndovu kwenda pwani. Walirudi na vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Watumwa nao walipitishwa njia hiyo hiyo, wakiwa wamefungwa.

Lakini misafara haikubeba mizigo tu. Ilibeba na ndui. Mwaka 1857 Mwingereza mmoja, Richard Burton, alikuwa njiani kutoka pwani kuja Kazeh, yaani Tabora. Katika safari hiyo alikutana na msafara uliokuwa ukitoka bara. Aliandika kwamba msafara huo ulikuwa umepoteza watu wapatao 50 kwa ndui. Alieleza jinsi wagonjwa walivyoyumba njiani, na jinsi vijiji vilivyokataa kuwapokea. Aliyeanguka alibaki porini.

Tusiwalaumu haraka wanavijiji wale. Ndui iliua karibu watu 3 katika kila wagonjwa 10. Waliopona walibaki na mashimo usoni. Wengine walipofuka macho. Dawa ya kuitibu haikuwapo. Mtu aliyemkaribisha mgonjwa aliweza kuizika nyumba yake nzima.

Hata hivyo, popote duniani ndui ilipopita, watu waliona jambo moja. Aliyeugua ndui akapona, haimpati tena. Huyo aliweza kumlisha mgonjwa, kumwosha na hata kumzika, naye asiugue. Watu hawakujua sababu yake, lakini jambo lenyewe walilijua.

KISIWA KILICHOKUMBUKA MIAKA 65

Sasa tuondoke Tabora kidogo. Twende mbali sana, kaskazini ya Ulaya, kwenye visiwa vya Faroe. Visiwa hivyo viko baharini peke yake, na zamani meli zilifika kwa nadra. Mwaka 1781 visiwa hivyo vilipata ugonjwa wa surua. Kisha surua ikatoweka kabisa kwa miaka 65. Mwaka 1846 ilirudi. Visiwa vilikuwa na watu karibu 7,800, na zaidi ya 6,000 wakaugua.

Serikali ya Denmark ilimtuma daktari kijana, Peter Panum. Yeye alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza na kuandika. Alikuta wazee wengi waliougua surua mwaka 1781, walipokuwa watoto. Katika wazee hao hakumpata hata mmoja aliyeugua mara ya pili. Lakini wazee wengine, ambao hawakuugua zamani, walipatwa kama vijana.

Fikiri, ndugu msomaji. Miaka 65 yote surua haikuwapo visiwani. Hapakuwa na kitu cha kuukumbusha mwili. Lakini mwili ulikuwa haujasahau.

SUNGUSUNGU WA MWILI

Mwili unakumbukaje? Tuchukue mfano wa hapa kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi, watu wa Unyamwezini na Usukumani walianzisha sungusungu. Mwizi alipoingia kijiji kwa mara ya kwanza, alikuta watu wamelala. Aliiba akaondoka. Lakini sungusungu walipokwisha kuujua uso wake na nyayo zake, hali ilibadilika. Aliporudi, yowe lilipigwa kabla hajafika zizini.

Mwili nao una walinzi wake. Hao ni chembe nyeupe za damu, ambazo wengi huziita askari wa mwili. Vijidudu vigeni vinapoingia, askari hao huchukua siku nyingi kuvijua na kuvishinda. Katika siku hizo mtu huugua, na pengine hufa. Akipona, askari wengi huondoka. Wachache hubaki, nao huishi miaka mingi. Hao ndio wenye kumbukumbu. Vijidudu vile vile vikirudi, askari hao huvitambua mara moja, huongezeka upesi na kuvimaliza.

Kuna kitu kingine kinachobaki. Baadhi ya askari hutengeneza silaha ndogo ndogo zinazoelea katika damu. Silaha hizo huitwa kingamwili. Wataalamu wakichukua damu yako wanaweza kuzipima. Kwa kuzipima wanajua ni wezi gani mwili wako uliwahi kupambana nao.

Chanjo hufanya kazi hiyo hiyo, bila mtu kuugua ugonjwa wenyewe. Ni kama kuwaonyesha sungusungu picha ya mwizi kabla hajafika. Mwaka 1796 daktari wa Uingereza, Edward Jenner, alitumia ndui ya ng'ombe, ambayo ni ugonjwa mwepesi, kumkinga mtoto na ndui ya watu. Alifaulu kwa sababu vijidudu vya magonjwa hayo mawili ni ndugu. Uso wa mmoja unafanana na wa mwingine. Tukumbuke neno hilo, ndugu, maana tutalirudia.

CHANJO ILIYOFUKUZA NDUI DUNIANI

Mwaka 1967 Shirika la Afya Duniani lilianza kampeni kubwa ya kuifukuza ndui. Wachanjaji walikwenda kwa magari, kwa baiskeli na kwa miguu. Walitumia sindano fupi yenye ncha mbili. Waliichovya katika dawa, kisha waliichoma ngozi mara nyingi mahali pamoja. Baada ya siku chache palitoka upele, ukawa usaha, ukakauka. Kovu lile ndilo alama yake.

Mtu wa mwisho kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia. Jina lake ni Ali Maow Maalin. Aliugua mwaka 1977, akapona. Baadaye alifanya kazi ya kuhimiza watu wawachanje watoto wao dhidi ya polio. Tarehe 8 Mei 1980 dunia ilitangaziwa kwamba ndui imekwisha. Nchi zikaacha kuchanja. Kwa hiyo aliyezaliwa baada ya hapo hana kovu.

KUMBUKUMBU HUDUMU MUDA GANI?

Mwaka 2003 watafiti wa Oregon, Marekani, walitoa matokeo ya uchunguzi wao. Waliwapima damu watu waliochanjwa ndui miaka 25 mpaka 75 iliyotangulia. Katika kila watu 10, zaidi ya 9 walikuwa bado na askari au kingamwili za ndui. Kingamwili zilikaa karibu bila kupungua. Askari wenyewe walipungua polepole. Watu hao walikuwa hawajaiona ndui kwa miaka mingi, lakini damu yao ilikuwa bado inaijua.

Basi, utasema, hilo lina faida gani kama ndui yenyewe haiko tena? Hapa ndipo tunapomrudia yule ndugu.

Mwaka 1970, huko Basankusu nchini Kongo, mtoto wa miezi 9 aliugua ugonjwa uliofanana na ndui. Hakuwa amechanjwa. Ilionekana kuwa vijidudu vyake si vya ndui, bali ni vya ugonjwa unaotoka kwa wanyama wa porini. Zamani ugonjwa huo uliitwa homa ya nyani. Siku hizi redio na mabango ya zahanati huuita Mpox. Mgonjwa hupata homa, kichwa na mwili kuuma. Huvimba mitoki shingoni, kwapani au kwenye kinena. Hutokwa na vipele vinavyojaa maji au usaha.

Kijidudu cha Mpox ni ndugu wa kijidudu cha ndui. Je, askari waliofundishwa kuijua ndui watamtambua ndugu yake? Katika miaka ya 1980 wataalamu walichunguza jambo hilo Kongo, ambayo wakati huo iliitwa Zaire. Walikadiria kwamba chanjo ya ndui iliwakinga watu 85 katika kila watu 100 ambao wangeugua Mpox.

Miaka ikapita, na chanjo ya ndui haikutolewa tena. Kati ya mwaka 2005 na 2007 watafiti walirudi Kongo, katika eneo la Sankuru. Walithibitisha wagonjwa 760. Walipolinganisha na miaka ya 1980, waliona ugonjwa umeongezeka karibu mara 20. Zaidi ya 9 katika kila wagonjwa 10 walikuwa wamezaliwa baada ya chanjo kukomeshwa. Waliokuwa wamechanjwa zamani walikuwa na hatari ndogo zaidi, karibu mara 5 chini ya wenzao. Kumbuka kwamba hapo ilikuwa imepita miaka 25 na zaidi tangu wachanjwe.

Mimi nikisoma hesabu hiyo huwaza juu ya nyumba zetu. Babu na bibi wana kinga iliyobaki. Vijana wanaolima, wanaopika, wanaosafiri na kuuguza wagonjwa hawana hata kidogo. Watoto pia hawana.

NJIA BADO IPO

Njia ya misafara haikufa. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Leo kuna barabara na malori. Mzigo unaotoka Dar es Salaam hufika Burundi na Kongo, na madereva hulala Tabora kama wapagazi walivyolala.

Mwishoni mwa mwaka 2023 Mpox ya aina mpya ilianza kuenea mashariki ya Kongo, katika Kivu ya Kusini. Mwaka 2024 ilifika Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya. Mwezi Machi 2025 Wizara ya Afya ilitangaza wagonjwa 2 wa kwanza wa Tanzania waliothibitishwa kwa vipimo. Mmoja wao alikuwa dereva wa lori, aliyetoka nchi jirani akielekea Dar es Salaam. Ukiisoma habari hiyo pamoja na ile ya mwaka 1857, utaona kuwa njia ni ile ile. Tofauti ni kwamba sisi tunajua ugonjwa unavyoambukiza.

Mpox huambukiza zaidi kwa kugusana ngozi kwa ngozi, pamoja na kujamiiana. Huambukiza pia kwa kutumia shuka, nguo au taulo ya mgonjwa. Mwenye vipele vya namna hiyo asifichwe ndani, wala asifukuzwe kama wale wa porini. Apelekwe zahanati. Anayemhudumia avae glavu, anawe mikono kwa sabuni, na nguo za mgonjwa azifue peke yake. Namba 199 ya Wizara hupigwa bure kwa simu.

Na huyo wa kumhudumia awe nani? Najua mtakalosema: awe bibi, kwa kuwa ana kovu. Kweli bibi ana nafuu kuliko mjukuu. Lakini kupungua kwa hatari si kwisha kwa hatari. Kule Sankuru waliochanjwa pia waliugua, ingawa walikuwa wachache. Tena bibi ni mzee, na mwili wa mzee huchoka upesi. Basi hata bibi avae glavu. Siku hizi ipo chanjo nyingine, nyepesi kuliko ile ya zamani, ambayo Kongo ilianza kuitoa mwezi Oktoba 2024, mjini Goma.

Kosa jingine nimelisikia madarasani. Watu husema kovu la ndui linakinga na tetekuwanga. Halikingi. Tetekuwanga ina vipele, lakini kijidudu chake si wa ukoo wa ndui. Askari hawamjui.

CHANJO ZOTE HAZILINGANI

Si kila chanjo huacha kumbukumbu ya muda sawa. Chanjo ya homa ya manjano zamani ilirudiwa kila baada ya miaka 10. Uchunguzi ukaonyesha kuwa kinga haiishi. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani likasema sindano moja inatosha kwa maisha yote. Pepopunda ni kinyume chake. Kinga yake hupungua, na ndiyo sababu mama mjamzito huambiwa arudi kuchanjwa tena. Muuguzi hakusumbui kwa kupenda. Anamkumbusha askari anayeanza kusahau.

Lile kovu dogo, la kifua kikuu, nalo limewashangaza watafiti. Huko Entebbe, Uganda, kuanzia mwaka 2014, walichunguza watoto wachanga 560. Nusu walichanjwa siku ya kuzaliwa, nusu walipofika wiki 6. Katika wiki hizo 6 za kwanza, waliochanjwa mapema walifikishwa kwa daktari mara 98 kwa magonjwa ya kuambukiza yasiyo kifua kikuu. Wale waliokuwa bado walifikishwa mara 129. Inaonekana chanjo ile huwaamsha askari wote wa mtoto kwa muda, hata dhidi ya wezi wasiowajua.

JE, HAKUNA UBAYA UNAOBAKI?

Hili huulizwa kila mahali, nalo ni swali la haki. Mtu akichanjwa, mkono huuma na homa huweza kuja. Hizo ni dalili za askari kuanza kazi, na kwa kawaida huisha baada ya siku chache. Watu wachache sana hupata mshtuko mkali ndani ya dakika chache. Ndiyo maana huambiwa usiondoke kliniki mara moja.

Chanjo ya ndui yenyewe ilikuwa kali. Katika kila watu milioni moja waliochanjwa kwa mara ya kwanza, ilisababisha kifo cha mtu 1 au 2. Ndui iliua 300,000 katika kila wagonjwa milioni moja. Ndui ilipokwisha, hapakuwa na sababu ya kuendelea kubeba hata hatari hiyo ndogo. Chanjo ikaachwa.

Baada ya chanjo za UVIKO-19, watu wachache walisema wamebaki na uchovu na udhaifu kwa miezi mingi. Hawakupuuzwa. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walieleza uchunguzi wa watu 42 wa namna hiyo, wakiwalinganisha na 22 wenye afya. Waliona tofauti fulani katika askari wa damu. Lakini watu 42 ni wachache, na kuona tofauti si sawa na kuona chanzo. Uchunguzi wa namna hiyo unahitaji watu wengi zaidi. Ukiwa na tatizo lisiloisha baada ya chanjo, lieleze zahanati na liandikwe. Bila kuandikwa, hakuna atakayelichunguza.

Upo pia ugonjwa unaoharibu kumbukumbu yenyewe. Nao ni surua. Mwaka 2019 watafiti walieleza habari za watoto 77 wa Uholanzi ambao hawakuchanjwa, wakaugua surua. Damu yao ilipimwa kabla na baada ya kuugua. Surua ilikuwa imefuta kati ya 11 na 73 katika kila kingamwili 100 walizokuwa nazo za magonjwa mengine. Ni kama mwizi aliyewaua sungusungu wenye kumbukumbu. Mtoto hupona surua, kisha huanza upya kujifunza magonjwa aliyokwisha kuyashinda. Watoto waliochanjwa surua hawakupotewa na kumbukumbu hiyo. Hapa nchini chanjo ya surua hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18. Wazazi wengi huikumbuka ile ya kwanza, ya pili wakaisahau. Fungua kadi ya mtoto wako uone.

MASWALI NA KAZI YA DARASA

1. Mzee mmoja alichanjwa ndui mwaka 1968. Mpaka leo ni miaka mingapi?

2. Kwa nini chanjo ya ndui inasaidia dhidi ya Mpox, lakini haisaidii dhidi ya tetekuwanga?

3. Daktari Panum alijuaje kwamba wazee wa visiwani walikuwa na kinga, na wakati huo hakuwa na kipimo cha damu?

4. Mgeni wenu amefika kutoka safari ya mbali, ana homa na vipele. Nani nyumbani kwenu yuko katika hatari zaidi? Jadilianeni, mkitaja sababu.

5. Andika majina ya watu wote wa nyumbani kwako. Mbele ya kila jina andika mwaka wa kuzaliwa, na kovu alilonalo: la ndui, la kifua kikuu, yote mawili, au hakuna. Leta karatasi hiyo kipindi kijacho, pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto aliye chini ya miaka 5.